Msitu wa ndoto za utotoni: chagua mti kwanza, simbamarara baadaye

Mwambie mtu aliyekulia Dodoma, Kondoa au Manyoni akuchoree msitu aliokuwa akiuota utotoni. Hatachora migunga wala mibuyu. Atachora miti mirefu iliyoshikana vileleni, mitambaazi ikining'inia, mto usiokauka, tausi njiani, kima wakirukaruka juu na, ndani ya kivuli, simbamarara aliyejificha nusu. Picha hiyo ilitoka vitabuni, na nchi yake ni India. Anayetaka kuifuata akiwa mtu mzima anakuta India ina hifadhi za taifa zaidi ya 100, nyingi zikiwa hazifanani kabisa na alichokiota. Akichagua kwa umaarufu wa jina tu, anaweza kufika Aprili akakuta miti imebaki mifupa, barabara ni vumbi na joto limepita nyuzi 40. Hapo amesafiri kwenda kuona Bahi ya mwezi wa Oktoba, tofauti ikiwa ni kwamba kuna simbamarara.

Neno lenyewe linasaidia kuelewa kwa nini. Jangal, neno ambalo dunia imelichukua kutoka India kwa ajili ya msitu wa namna hii, lina mzizi wa Kisanskriti, na zamani lilimaanisha nchi kame, ya miti michache, isiyolimwa. Maana ya msitu mnene ilikuja baadaye. Kwa hiyo pori la Chemba au vichaka vya Itigi vinalistahili jina hilo sawasawa na picha ya kitabuni. India ina mapori ya aina zote mbili. Kabla ya kulipa chochote, jua ni lipi lililokuwa kichwani mwako.

Mvua kubwa za India, monsuni, huanza Juni na kuisha Septemba. Ni kinyume na kwetu. Oktoba tunapokula vumbi Dodoma, misitu ya India ya kati ndiyo kwanza imetoka kunyeshewa: majani yamejaa, nyasi zinafika kifuani, kila korongo lina maji. Ndiyo sura ya ndoto yenyewe. Ni wakati huohuo ambapo simbamarara huonekana kwa shida, kwa sababu nyasi zinamficha, na pia kwa sababu maji yako kila mahali, hivyo hana haja ya kuja kwenye bwawa lililo karibu na barabara. Aprili na Mei mambo hugeuka. Vijito hukauka, mabwawa hubaki machache, na anayehitaji kunywa na kulala majini mchana hana pengine pa kwenda. Simbamarara hupenda maji. Hukaa ndani ya bwawa hadi shingoni joto likizidi.

Ndiyo maana ushauri utakaousikia kila mahali ni "nenda Mei". Kwa anayetaka simbamarara peke yake, ushauri huo ni sahihi. Kwa anayetaka msitu, unaharibu safari, maana Mei hifadhi nyingi ni za kahawia tupu. Mimi naona kosa linaanzia kwenye swali: watu huuliza ni hifadhi gani ina simbamarara wengi, wakati swali la kuanza nalo ni ina mti gani.

Misitu ya India ya kati ina miti miwili inayotawala, mtiki na sal. Mtiki tunaujua. Aliyepita kwenye mashamba ya Longuza kule Muheza, au ya Kilombero, wakati wa kiangazi ameyaona yote: jani pana kama sinia, gumu, linakwaruza kama msasa, linadondoka na kutandika ardhi nzima, na mti unabaki nguzo iliyo wima. Mitiki ya India hufanya hivyo hivyo. Hupukutisha majani katika miezi ya baridi, na kufikia Aprili msitu wa mtiki ni uwazi mtupu mpaka mvua za Juni zifike. Kuna faida yake: unaona mbali, na mnyama akitembea juu ya majani makavu unamsikia kabla hujamwona. Kivuli cha ndoto lakini hakipo.

Sal ni mti wa tabia nyingine. Kitaalamu unaitwa Shorea robusta, umenyooka, gome lake lina mifereji mirefu, na hauishi kwa kupukutika wote kwa mpigo. Machi na Aprili majani ya zamani hudondoka huku mapya yakichipua palepale, yakianza na rangi ya shaba kisha kugeuka kijani laini, na maua madogo meupe yenye umanjano hufunika vilele. Msitu haukai uchi. Wakati mabwawa yanakauka na simbamarara anafuata maji, juu ya kichwa chako bado kuna paa la majani. Ndani ya sal ndiko kuna ule mtambaazi mkubwa unaozungukia mashina kama kamba ya meli, Bauhinia vahlii. Majani yake mapana hushonwa na wenyeji kuwa sahani. Kwa ufupi, anayetaka kijani na simbamarara katika safari moja aende kwenye sal, kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Aprili.

Kwa mtu wa Kanda ya Kati muda huo si mbaya. Mkulima wa Hombolo aliyeuza zabibu za mwanzo wa mwaka anaweza kusafiri. Mwalimu ndiye atakayeumia, kwa sababu likizo zake za Juni na Desemba zinaangukia pembeni. Juni hifadhi za Madhya Pradesh ziko wazi hadi tarehe 30, simbamarara anaonekana vizuri, ila joto ni kali na mvua ya kwanza inaweza kukukuta humo. Desemba msitu unapendeza lakini ni baridi ya kweli, na kuanzia tarehe 20 hadi baada ya mwaka mpya Wahindi wenyewe wako likizo. Nafasi zimekwisha siku nyingi.

Kanha, na nyingine zinazoifuata

Hifadhi ya sal ninayoiweka mbele ya zote ni Kanha, katika jimbo la Madhya Pradesh. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1955, na ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuingizwa kwenye mpango wa kitaifa wa kumlinda simbamarara ulioanza 1973. Kiini chake ni kilomita za mraba 940. Kuna sal mabondeni, mianzi kwenye miteremko, na katikati ya msitu kunafunguka viwanja vikubwa vya nyasi wanavyoviita maidan. Viwanja hivyo si vya asili kabisa. Vingi vilikuwa mashamba ya vijiji vya Wabaiga na Wagond waliohamishwa. Ukivuka maidan alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya nyasi na kulungu mamia wakitokeza vichwa, jua kwamba unapita juu ya makazi ya watu. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Kwenye maidan hizo ndiko anakoishi barasingha wa ardhi ngumu, kulungu ambaye jina lake linamaanisha mwenye pembe kumi na mbili, kwa matawi ya pembe zake. Mwaka 1970 walibaki 66 tu, wote Kanha. Walijengewa uzio usiopitisha wanyama wala nyama, wakazaliana, na leo wako mamia, wengine wamepelekwa kuanzisha makundi kwingine. Mtu anayekwenda Kanha akamkosa simbamarara lakini akatulia nusu saa mbele ya dume la barasingha lenye nyasi za majini zimenasa kwenye pembe zake, amefika alikokusudia.

Kama ndoto yako ilikuwa na mto mpana na tembo, sal hiyohiyo iko Jim Corbett, chini ya milima ya Himalaya, jimbo la Uttarakhand. Hii ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya India, ya mwaka 1936. Usikubali kuuziwa "Corbett" bila kuuliza eneo gani. Linalobeba ndoto ni Dhikala: unaingia geti la Dhangarhi, unakwenda kilomita 31 ndani ya msitu wa sal ukiuambaa mto Ramganga, na unalala humo humo kwenye nyumba za idara ya misitu. Vyumba ni vya kawaida sana, chakula hakina nyama, na hakuna pombe. Anayeingia kwa siku moja haruhusiwi kwenda na gari dogo Dhikala, hupanda lori la watalii lililo wazi. Gari dogo ni la wanaolala. Dhikala hufunguliwa 15 Novemba na kufungwa 15 Juni.

Wengi lakini waliota kasri lililomezwa na miti, na kima wamekaa kwenye madirisha. Hao waende Ranthambore, Rajasthan, na wakubali kwamba pori lake ni kavu, vichaka na miti mifupi inayopukutika, karibu sawa na ya kwetu. Inachowapa ni ngome ya karne nyingi juu ya jabali, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2013, na maziwa matatu chini yake yenye mamba, magofu na simbamarara wanaopita ukingoni. Maziwa hayo yako zoni namba 3 na 4. Zoni ziko 10, na anayeandika "zoni yoyote" kwenye ombi anaweza kupelekwa ya 7 au ya 9, mbali na maji yote hayo, akarudi akisema Ranthambore haina kitu. Ngome yenyewe haihitaji kibali cha safari. Unapanda kwa miguu pamoja na wanaokwenda hekaluni.

Ile hadithi maarufu ya mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu imewekwa kwenye vilima vya Seoni, na hifadhi iliyo katika eneo hilo ni Pench. Hapa Kiswahili chetu kinachanganya kidogo: mbwa mwitu wa hadithi si yule wa Ruaha mwenye masikio ya duara na mabaka. Ni mnyama mwingine, mkubwa wa ukoo wa mbwa wa kufugwa, ambaye siku hizi huonekana zaidi kwenye mashamba na nyika kuliko ndani ya msitu. Pench utamwona zaidi dhole, mbwa mwekundu wa Asia anayewinda kwa kundi, na huyo ndiye anayemkaribia wa kwetu kwa tabia. Pench ni mtiki. Nenda Novemba hadi Februari kama unautaka msitu, Aprili na Mei kama unamtaka mnyama.

Satpura ni ya aliyeota akitembea kwa miguu. Hifadhi nyingi za India hukukataza kushuka garini. Satpura ina maeneo ya kutembea na mwongozaji, na ya kupiga kasia kwenye maji ya mto Denwa. Simbamarara ni wa bahati, dubu ni wa uhakika zaidi. Kwa nyasi ndefu kuliko gari na faru wa pembe moja, kuna Kaziranga, Assam, yenye faru 2,613 kwa hesabu ya 2022. Iendee Februari au Machi, nyasi zikiwa zimechomwa na kuchipua upya, maana Novemba faru anaweza kuwa mita tano kutoka kwako usimwone. Sundarbans ni mikoko na boti tu, kama delta ya Rufiji. Anayekwenda huko kumtafuta simbamarara ajiandae kuona nyayo matopeni. Kusini, Nagarhole upande wa Kabini ina tembo wanaojipanga ukingoni mwa bwawa Aprili na Mei, na chui mweusi ameshaonekana huko.

Gir ya Gujarat ina simba wa mwisho wa Asia. Sitamshauri mtu wa kwetu aende India kutazama simba. Ila kando ya Gir kuna vijiji vya Wasidi, watu wenye asili ya Afrika walioko huko kwa karne nyingi, na kwa hao peke yao safari inaweza kustahili.

Mahali safari inapoharibika

Huku kwetu ukilipa kiingilio cha Ruaha, barabara zote ni zako hadi jua litue. India si hivyo. Unanunua kibali cha kuingia kupitia geti fulani, zoni fulani, tarehe fulani, asubuhi au alasiri. Idadi ya magari kwa kila zoni ina kikomo. Asubuhi magari huingia jua linapochomoza, kama saa 12, na kutoka karibu saa 5. Alasiri huingia saa 9 hivi na kutoka magharibi. Ukichelewa kutoka, dereva na mwongozaji ndio wanaoadhibiwa, kwa hiyo usiwabembeleze.

Kosa la kwanza kwa ukubwa ni kulala geti moja na kibali kikawa cha geti lingine. Kanha ina Khatia upande mmoja na Mukki upande wa pili, na kati yao kwa barabara ya nje ni zaidi ya saa nzima. Aliyelala Khatia mwenye kibali cha Mukki anaamka saa 9 usiku, anafika amechoka, na siku ya pili anaanza kuziacha safari alizolipia. Panga hivi: pata vibali kwanza, halafu ndipo utafute loji iliyo karibu na geti lililoandikwa kwenye vibali. Watu hufanya kinyume kwa sababu loji ina picha nzuri.

La pili ni majina. Kibali huandikwa jina na namba ya pasipoti, na getini wanadai pasipoti yenyewe, si kivuli wala picha ya simu. Sisi tuna majina matatu, na wakala hupenda kuandika mawili. Mpe picha ya ukurasa wa pasipoti na umtake aandike kama ulivyo, herufi kwa herufi. Gari la Gypsy, jipu dogo la wazi la safari, huchukua watalii wasiozidi sita, pamoja na dereva na mwongozaji. Ukichukua gari zima, weka majina ya wote mwanzoni. Usidhani utamwongeza shemeji getini.

La tatu ni malipo. Kadi za benki za nje hukataliwa mara nyingi kwenye mifumo ya serikali huko, na namba ya siri ya uthibitisho inaweza kutumwa kwa simu ya India tu. Kwa hiyo wengi hupitia loji au wakala, na hilo ni sawa mradi uelewe unacholipia. Katika Madhya Pradesh kibali hulipwa mtandaoni, lakini kukodi gari na mwongozaji ni malipo mengine, hulipwa getini kwa rupia taslimu. Anayekuambia "bei ya safari" aseme kama vitatu hivyo vimo. Anza kuulizia miezi minne kabla, hasa kwa zoni zenye jina.

Na siku za kufungwa. Hifadhi za Madhya Pradesh hazifunguliwi Jumatano alasiri, na viini vyake hufungwa 1 Julai hadi 30 Septemba. Tadoba, iliyo Maharashtra, hufungwa Jumanne. Sikukuu ya Holi, ambayo mara nyingi huangukia Machi, pia hufungwa, kwa hiyo iangalie kwenye kalenda kabla ya kupanga hiyo Machi niliyoisifia.

Idadi ya safari nayo ni muhimu. Makadirio ya 2022 yaliwaweka simbamarara wa India nzima kuwa 3,682, na wa Madhya Pradesh 785. Wametawanyika kwenye msitu, kila mmoja na eneo lake. Safari mbili ni bahati nasibu. Sita katika hifadhi moja ni mpango, kwa sababu mwongozaji anajua jana alipita wapi, ameua nini, na bwawa gani bado lina maji. Kugawa siku sita kwa hifadhi tatu kunakupa barabara kuu nyingi na msitu kidogo. Ukitaka mbili, ziwe Pench usiku mbili kisha Kanha usiku nne: unatua Nagpur, unakwenda kama kilomita 90 hadi Pench, kisha mwendo wa saa nne hivi hadi Kanha, na unatokea Jabalpur, kilomita kama 160 kutoka Khatia.

Kusikiliza

Mtu wa Tanzania amezoea kutafuta mnyama kwa macho, kwa sababu nyika iko wazi. Kwenye sal macho hayafiki mbali, na kazi inafanywa na masikio. Mwongozaji mzuri humwambia dereva azime injini, na mnakaa.

Wa kwanza kusema huwa chital, kulungu mwenye madoa meupe, anayepiga mlio mfupi mkali huku mkia umesimama na mguu wa mbele unagonga ardhi. Chital ana hofu ya haraka. Anaweza kupiga kelele kwa sababu ya chui, dhole, au kivuli. Juu mtini kuna langur, kima wa kijivu mwenye uso mweusi na mkia mrefu. Yeye hukohoa, kikohozi kikavu cha kukwaruza, na cha kutazama si yeye bali anakoelekeza uso. Chital hukaa chini ya langur kama pala wanavyokaa karibu na nyani kwetu: juu wanadondosha majani na matunda, chini wana pua kali, kila mmoja analinda mwenzake. Wakisema wote wawili, dereva huwasha gari. Na akisema sambar, yule kulungu mkubwa mweusi-mweusi wa kimo cha tandala, kwa sauti nzito ya mara moja moja kama tarumbeta lililoziba, hapo hakuna mjadala. Sambar hapigi kelele kwa kubahatisha. Anaita akiwa amemwona, na huendelea kuita mnyama anaposogea, kwa hiyo milio mitatu mfululizo inakuchorea njia anayoifuata.

Kisha tazama chini. Nyayo za simbamarara kwenye vumbi laini hazina alama za kucha, kwa sababu huzirudisha ndani anapotembea. Kingo za unyayo zikiwa kali na ukiziona juu ya alama za matairi ya asubuhi, amepita baada ya magari. Zikiwa zimevunjika au zimekanyagwa na wadudu, ni za usiku.

Atakapotoka, huwa ni dakika mbili au tatu, wakati mwingine mita kumi na tano kutoka kwenye gari, na hakuna kumfuata nje ya barabara. Usisimame, usinong'one jina lake, na uache kamera kwanza uangalie mabega yanavyopanda na kushuka. Simu hazitakiwi kutumika ndani ya hifadhi nyingi, kwa hiyo anayetaka picha aende na kamera halisi. Darubini ya 8x42 inatosha kwa mengine yote.

Kutoka Dodoma

Treni ya SGR inakufikisha Dar, na kutoka hapo kuna ndege za moja kwa moja kwenda Mumbai, safari ya chini ya saa sita, au kwa kupitia Addis Ababa, Nairobi na Ghuba. Mumbai kuna ndege za ndani hadi Nagpur na Jabalpur. Mtanzania anaomba viza ya mtandao: pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita na kurasa mbili tupu, picha ya mraba yenye mandhari meupe, na ombi liingie angalau siku nne kabla ya kufika, bora zaidi wiki mbili. Tovuti za kuigiza ya serikali ni nyingi na zinatoza mara mbili. Hakikisha anwani inaishia gov.in. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla, na kadi isikae kwenye begi la chini. India ni wakali kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo, na asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita.

India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Kuamka saa 11 alfajiri Kanha ni sawa na saa 8 na nusu usiku Dodoma, kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya alasiri.

Nguo ndizo zinazowaponza watu wengi wa kwetu, wanaoamini India ni joto tu. Desemba na Januari kwenye maidan za Kanha huwa na jalidi asubuhi, joto likikaribia sifuri, nawe uko kwenye gari lisilo na paa wala vioo. Baridi ya Dodoma ya Julai haijakuandaa kwa hilo. Koti zito, glavu, kofia ya sufu, na kubali blanketi la loji. Hata Machi alfajiri inahitaji sweta, halafu saa 4 unalivua. Kuanzia Aprili beba mtandio au kanga ya kufunika pua kwa vumbi, na maji lita moja na nusu kwa kila safari. Rangi ziwe za majani na udongo.

Ile Jumatano alasiri geti likiwa limefungwa usilale. Tembea kijiji kilicho nje ya hifadhi uangalie miti. Mwarobaini, huu uliojaa Dodoma mtaa hadi mtaa, uko kwao. Mzambarau umesimama kando ya kijito, na dubu huja kuokota matunda yake msimu ukifika. Mwembe nao ni wa huko. Na jioni, pembezoni mwa msitu, sikiliza jogoo akiwika kwa sauti fupi inayokatika kabla ya kumalizika. Huyo hafugwi na mtu. Ni kuku wa porini mwekundu, na ndiye babu wa kila kuku wa kienyeji anayepakiwa Singida kwenda mjini.